Sufuria Moja, Ulimi Mmoja

Alifungua bomba kwanza, ndipo akatema. Maji yakauchukua ule mchuzi, yakauzungusha kwenye sinki mara mbili na kuumeza, na mlio wake ukaficha mlio wa mate. Alijifuta midomo kwa ncha ya aproni, akageuka, akatamka neno ambalo jiko zima hulingojea kila siku saa tano na nusu.

"Imepita."

Sufuria zikafunikwa, toroli zikaanza safari yao ya kelele kwenye korido, na mvuke ukazifuata hadi mlangoni kama mwenyeji anayesindikiza wageni. Hakuna aliyemwona akitema. Mpishi anapoonja hatazamwi mdomo. Husubiriwa kauli yake.

Walimwita Ulimi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho na vinywani mwa watu wa kwao. Humu jikoni, katika jengo la chini la hospitali, nyuma ya chumba cha kufulia, alikuwa Ulimi kwa miaka kumi na tisa. Ilisemekana akionja supu hujua kitunguu kimekatwa na nani. Huo ulikuwa utani, lakini haukuwa utani mtupu. Aliwahi kuikataa sufuria nzima ya uji kwa madai kwamba maziwa yake "yanafikiria kuchacha", watu wakacheka, na saa moja baadaye maziwa yaliyobaki kwenye ndoo yakakatika mbele ya macho yao.

Sufuria kubwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa ya chakula laini, kwa wasio na meno na waliotoka kupasuliwa. Ya tatu ilifungwa kitambaa cha bluu kwenye sikio lake, nayo ilikuwa ya wagonjwa wa moyo, figo na presha. Katika hiyo ya tatu chumvi haikumwagwa. Ilipimwa kwa kijiko kidogo kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, na mkono ulioruhusiwa kuitia ulikuwa mmoja tu.

Sheria hiyo ilikuwa na asili yake. Zamani kila mpishi alionja. Wa kwanza aliiona sufuria ya bluu imepooza, akatia chembe mbili. Wa pili akapita, akaionea huruma naye, akatia zake. Wa tatu hivyo hivyo. Mpaka chakula kifike wodini, watu watatu walikuwa wamekwisha kukihurumia, na huruma zote hizo zilikwenda kukaa miguuni mwa wagonjwa kama uvimbe. Ndipo mpishi mkuu, ambaye walimwita Kamanda kwa sababu hakuwahi kumpigia mtu kelele, akaweka amri: sufuria moja, ulimi mmoja. Ulimi akishasema "imepita", hakuna kijiko kingine kitakachoingia.

Ilikuwa amri nzuri. Ilitegemea tu kwamba mtu huyo mmoja ni mzima.

*

Habari ya kutema ilianza wiki tisa kabla, siku wafanyakazi wote walipoitwa ukumbini kupimwa afya. Muuguzi kijana alimfunga Ulimi mkanda wa presha mkononi, ncha zikakataa kukutana. Akajaribu tena. Akajaribu mkono wa pili, kana kwamba huo ungekuwa mwembamba zaidi. Kisha akainua kichwa na kusema, bila ubaya wowote, "Jamani, nileteeni ule mkubwa, uko wodi ya wanaume."

Ule mkubwa ulichukua dakika nane kufika. Kwa dakika nane Ulimi alikaa na mkono wa gauni umekunjwa hadi begani, huku watu waliopanga foleni nyuma yake wakiichunguza dari kwa heshima inayouma kuliko kicheko. Mkanda ulipokuja, presha ilikutwa iko juu.

"Dada, usiogope," muuguzi alimwambia kwa sauti ya chini. "Punguza mwili, lakini polepole. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Pita kwa afisa lishe akupangie."

Ulimi aliitikia kwa kichwa. Ofisi ya afisa lishe ilikuwa milango tisa kutoka jikoni. Harufu ya vitunguu vyake ilifika huko kila asubuhi. Lakini penye miti hapana wajenzi. Hakupita siku hiyo wala iliyofuata, kwa kuwa tayari alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. Nusu kilo kwa wiki ilikuwa safari ya mwaka mzima na ushee, na mama yake hakupewa mwaka.

Mama yake alianguka akiwa na miaka hamsini na miwili, wakikunja shuka uani. Mama alishika ncha mbili, Ulimi akashika ncha mbili, wakavuta kulinyoosha. Ulimi alikuwa ametazama pembeni, akimcheka kuku aliyekuwa amepanda juu ya karai, alipohisi shuka likilegea. Kabla hajageuka kuona, mikono yake ilikwisha kujua. Kiharusi, walisema baadaye. Mwili mkubwa, presha, hakupima. Sasa Ulimi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na usiku akilala alijikuta ameshika pindo la shuka na kulivuta kidogo, kuhakikisha limekaza.

Basi akaamua kukata njia. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana tango moja na nusu yai la kuchemsha. Jioni maji ya moto yenye ndimu. Nyumbani alisema, "Nimekula kazini." Kazini alisema, "Nimeshiba nyumbani." Katikati ya nyumba hizo mbili tumbo lake likawa yatima, kila mlezi akidhani limelishwa na mwenzake.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kusimulia baadaye, kwamba mwanzoni ilifanya kazi vizuri mno. Katika chumba cha kufulia palikuwa na mizani ya kupimia mafurushi ya shuka. Kila Ijumaa alisubiri wafuaji waende kunywa chai, akapanda kwenye bamba lake la chuma akiwa amevua viatu, akautazama mshale ukirudi nyuma kama mtu aliyeona aibu. Kilo tatu. Kilo sita. Wiki ya sita zikatimia kumi na moja.

Watu nao hawakumnyima sifa. Muosha vyombo, mama mtu mzima waliyemwita Shangazi Sabuni, alimzunguka siku moja akimkagua kama anayenunua mbuzi.

"Ulimi, ukiendelea hivi itabidi tukutie mawe mfukoni, upepo usituchukulie mpishi."

"Wivu huo, shangazi."

"Wivu ninao, sikatai. Mimi nikinywa maji tu nanenepa. Hebu nipe siri."

"Siri ni kufunga mdomo."

"Ala. Basi mimi hiyo siri sitaiweza, ningekufa na maneno."

Wakacheka wote. Ulimi alicheka pia, akaegemea meza, maana kicheko kilimwishia pumzi. Sifa ni chakula cha ajabu. Hushibisha kila mahali isipokuwa tumboni.

*

Wiki ya saba mambo yalianza kubadilika, taratibu, kama dari inayovuja kidogo kidogo. Alianza kusikia baridi. Alivaa sweta mbele ya majiko yenye moto, na alipoulizwa akasema ana mafua. Ngazi tatu za kushukia ghalani zikawa saba miguuni mwake. Alimkaripia kijana wa mboga kwa kukata karoti nene, kisha akaenda kulia stoo kati ya magunia, hajui analilia nini. Njaa yenyewe iliacha kuja. Mwanzoni ilikuwa ikigonga mlango kwa ngumi, na yeye akajivunia kutoufungua. Sasa ilikuwa kimya, naye akadhani ameishinda.

Jumapili mchana binti yake wa miaka kumi na minne alikaa kitandani, akamweka mama yake chini katikati ya magoti yake, amsuke. Mume, aliyekuwa fundi bomba, alikuwa mlangoni akizungushia utepe mweupe wa kuzuia uvujaji kwenye meno ya koki. Kwa muda palikuwa na sauti ya kitana tu. Kisha kitana kikasita. Kikaendelea, kikasita tena.

"Nini?" Ulimi aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Umekaa vibaya. Inama kidogo."

Akainama. Aliposimama baadaye kuchukua kioo, aliona mfuko wa gauni la mwanawe umetuna, na nywele zake mwenyewe zikichungulia kutoka humo, fungu zima. Mtoto alikuwa akizing'oa kwenye kitana na kuzificha, moja moja, ili mama asione. Walitazamana kwenye kioo.

Mume alisema, macho yakiwa kwenye koki yake. "Mama watoto, mimi kazi yangu ni bomba tu, mengine siyajui. Lakini bomba lisilopitisha maji halipumziki. Linashika kutu."

"Nimekula kazini," Ulimi alijibu, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hakuwaambia kwamba hofu zake sasa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kufa kama mama yake. Ya pili ilikuwa mpya, nayo ilimjia jikoni tu: hata kijiko cha kuonja alikihesabu kuwa ni chakula. Vijiko kumi na viwili kwa siku, mara siku sita. Ndiyo maana alianza kutema. Na tangu aanze kutema, ilionekana kwake kwamba dunia imepungua ladha. Vitunguu vilikuwa maji. Nyanya zilikuwa maji mekundu. Aliwalaumu wachuuzi, akalaumu mbolea, akalaumu mvua.

Jumatatu aliionja sufuria ya bluu, akaiona haina kitu kabisa. Akamfikiria mgonjwa akiinua kijiko, akila kisichosema lolote. Akasawazisha kijiko cha pili cha chumvi kwa mgongo wa kisu, kwa uangalifu uleule wa miaka yote, akatia. Jumanne alitia viwili zaidi. Jumatano akatia vitatu, akakoroga, akaonja, akafungua bomba, akatema.

"Imepita."

*

Alhamisi, kabla toroli hazijapakiwa, sista wa wodi ya nne alishuka jikoni mwenyewe. Masista hawakuwa na kawaida ya kushuka. Alikuwa ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha.

"Kamanda, shikamoo. Samahani kuingia bila hodi."

"Marahaba, sista. Karibu."

"Kuna bibi wodini kwangu, mwalimu mstaafu. Moyo wake dhaifu, lakini Jumamosi tulikuwa tunapanga kumruhusu. Jana jioni miguu imejaa kama magogo, na alfajiri pumzi zikamwishia. Yuko kwenye oksijeni. Tumekagua dawa, ziko sawa. Hana ndugu wa kumletea chakula, anakula cha hapa tu." Akafunua sahani. "Hiki ni cha jana, alikibakiza. Nimekionja. Naomba na nyie mkionje."

Kamanda alichukua kijiko. Akaonja, akakunja uso, akameza kwa shida. Akampa Shangazi Sabuni, ambaye alionja na kukimbilia kikombe cha maji. Mpishi wa uji akaonja, akatazama sakafu. Kisha kijiko kikamfikia Ulimi.

Alikitia mdomoni mbele ya wote. Alingoja. Alikizungusha pembeni mwa ulimi, mahali ambapo chumvi hukaa, akakileta mbele, akakirudisha nyuma. Hakikuwa na kitu. Ni kama kutafuna pamba iliyoloa.

"Hakina chumvi hiki," alisema.

Kwenye jiko la pembeni maji yalikuwa yakichemka na kifuniko kikitetemeka.

"Ulimi," Kamanda alisema taratibu, "onja tena, mama."

"Nimeonja. Miaka kumi na tisa naonja, leo ndiyo mnanifundisha? Hakina chumvi. Labda mmezoea vya chumvi nyingi huko majumbani kwenu, ndiyo maana." Alisikia sauti yake ikipanda. Akatazama uso mmoja baada ya mwingine, akitafuta aliyekuwa akimtania. Shangazi Sabuni, ambaye hakuna jambo chini ya jua asiloweza kulifanyia mzaha, alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Hapo ndipo Ulimi alipojua. Hakuambiwa na mtu. Alijua kama alivyojua ile siku ya shuka.

"Wodi ya nne," alisema. "Nataka nikamwone."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Alitoka kabla hawajamzuia, akapita milango tisa, akaanza ngazi. Ghorofa ya kwanza aliimaliza kwa kushika reli. Ya pili, kuta zilianza kumsogelea. Kwenye kona ya tatu alisikia moyo wake ukikimbia, ukijikwaa, ukisimama kidogo kama aliyesahau aendako, kisha ukikimbia tena. Aliwaza, kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe: kumbe hata njia hii inafika kulekule alikofika mama. Halafu ngazi zikainuka, zikampokea.

*

Alifungua macho akakuta chupa ya maji ikining'inia juu yake na mkanda wa presha mkononi. Ulikuwa mkanda wa kawaida, nao ulimzunguka ukabaki.

"Iko chini mno," alisema kijana aliyekaa kando ya kitanda, miwani mikubwa, daftari magotini. Alikuwa afisa lishe. Ulimi alimpikia kwa miaka minne na hawakuwahi kusalimiana zaidi ya kwenye korido. "Shikamoo, mama. Na madini ya damuni yameshuka, yale yanayouongoza moyo. Ndiyo maana ulikuwa unakwenda kombo."

"Marahaba, mwanangu. Na yule mwalimu?"

"Amepata nafuu tangu saa nane. Wamemtoa maji mwilini."

Ulimi alifumba macho. Machozi yalitoka yenyewe, yakaingia masikioni.

Kijana akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mama, jana ulikula nini?"

Alitaka kusema amekula nyumbani. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limelainika kwa kutumika. Lakini mume wake alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, mikono ikiwa bado na gundi ya mabomba, na hapakuwa tena na nyumba mbili za kukimbilia.

"Tango," alisema. "Na yai. Nusu."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tisa hii."

Mume wake alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Afisa lishe hakuandika chochote. "Nia yako ilikuwa njema," alisema. "Presha ilikuwa juu, mwili ulihitaji kupungua, hilo halina ubishi. Ila mwili ukinyimwa haujui kama huu ni mpango au ni baa la njaa. Unaanza kuuza vitu vya ndani. Unauza nywele, unauza joto, unauza misuli, na moyo nao ni msuli. Ulimi pia unauzwa. Ladha hujengwa upya kila siku kumi hivi, na huwezi kujenga bila matofali."

"Utarudi?"

"Nini?"

"Ulimi wangu."

Kijana alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nadhani utarudi. Lini, sijui."

Jioni ile ile, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, alipelekwa wodi ya nne. Mwalimu mstaafu alikuwa mwanamke mdogo, mweupe kichwani, mrija wa oksijeni puani, macho makali kama ya mtu anayesahihisha. Ulimi alimweleza yote. Hakupunguza, hakutia chumvi.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Akavuta pumzi mara mbili kabla ya kujibu.

"Ningekufa, ningekukasirikia sana," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata sasa nimekukasirikia. Usidhani kwa kuwa unalia itaisha leo." Akarekebisha mrija puani. "Chakula cha Jumatano kilikuwa kibaya, nikala kwa adabu. Nilijiambia, mpishi huyu ana shida kubwa. Nilitaka kumwambia sista amuulize mpishi kama ni mzima. Sikumwambia. Nikaona aibu, mtu kupewa chakula cha bure kisha kulalamika." Alinyoosha mkono uliojaa alama za sindano, akautazama ule wa Ulimi juu ya kiti. "Tazama mikono yetu hii: wangu bado umejaa maji, wako ngozi imelegea. Utadhani mimi ndiye ninayeshinda jikoni."

*

Alirudi kazini baada ya wiki tatu, si kwenye sufuria. Alipewa kigoda karibu na dirisha na lundo la viazi. Sheria ilikuwa imebadilishwa: ndimi mbili kwa sufuria ya bluu, na kijiko cha tatu kikienda kwa afisa lishe mwenyewe, milango tisa kwenye korido. Shangazi Sabuni alikuwa mmoja wa hao wawili, na alilitangaza jambo hilo kila asubuhi kana kwamba ameteuliwa ubalozi.

Ulimi alikula sasa. Hakusema kwamba ilikuwa rahisi. Kila siku saa nne alikaa mezani na wenzake, sahani mbele yake kama karatasi ya mtihani, na kuna siku alihitaji nusu saa kuimaliza. Mizani ya kufulia ilimwonyesha kilo mbili zimerudi, na usiku ule hakulala, alishika pindo la shuka hadi alfajiri. Asubuhi alikwenda kwa afisa lishe, akamwambia. Yeye alisema, zitarudi nyingine kidogo, halafu zitaanza kupungua, polepole, tukiwa wote. Ulimi alimwuliza, na presha je? Akasema, tutaipima kila wiki. Akauliza, na nikifa katikati? Kijana alimvutia kiti tu.

Kila siku saa tano na robo Kamanda alimjia na vijiko vitatu kwenye kisahani, kila kimoja kimechotwa sufuria yake. Hakuwa ameagizwa na mtu kufanya hivyo. Aliviweka mbele yake juu ya maganda ya viazi, akasubiri. Wiki ya kwanza vyote vilikuwa maji. Ya pili pia.

Siku moja ya wiki ya nne toroli zilikuwa zimechelewa, na jiko zima lilikuwa limesimama tu, likitazama bila kujifanya halitazami. Ulimi alionja cha kwanza, akakimeza. Akaonja cha pili, akakimeza. Cha tatu alipokitia mdomoni alihisi kitu kwenye ukingo wa ulimi, upande wa kushoto, kidogo mno, kama mtu anayepita nje ya dirisha. Akashtuka. Akangoja kipite tena.

Angeweza kubahatisha. Mchuzi wa sufuria ya bluu siku ile ulikuwa mwepesi kidogo wa rangi, jicho tu lingemtosha, na aliona jinsi walivyokuwa wakitamani aseme. Shangazi Sabuni alikuwa ameshika mwiko kama mtu anayesali. Kauli moja ingemrudishia jina lake mchana huo huo.

"Vipi?" Kamanda aliuliza.

"Sijui bado," alisema Ulimi.

Hakuwa amewahi kutamka maneno hayo jikoni humo. Yalikaa hewani, yakazoeleka. Kamanda aliitikia kwa kichwa, taratibu, bila huzuni.

"Saa nne umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

Akamtajia, kimoja baada ya kingine, mpaka kipande cha mwisho cha papai, na mzee yule alisikiliza kama anayesomewa mapishi ambayo siku moja atatakiwa kuyapika mwenyewe. Kisha akageuka, akawaashiria wenzake, toroli zikaondoka.

Ulimi alibaki kwenye kigoda, kisu cha viazi magotini. Kijiko cha tatu hakikuwa kimeisha. Akakirudisha mdomoni, akafumba midomo, akafumba na macho, akausikiliza ulimi wake.